Kijana wa Igalula na masters ya fasihi ya Kiingereza: anapoteza muda?

Leo tuongee suala ambalo limenikaa kichwani.

Kaa kijiweni pale Igalula, Uyui, uwaambie washikaji kwamba unataka kwenda Mlimani kusoma shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiingereza na uhakiki wake. Watakucheka mpaka treni ipite. Mmoja atakuuliza, "Hivi Shakespeare atakusaidia nini kwenye tumbaku?" Mama mdogo atakuuliza kwa upole, ila swali ni lile lile: "Mwanangu, ukimaliza utaajiriwa wapi?"

Mimi siwacheki wanaouliza. Ada ya uzamili ni pesa nyingi kwa familia ya mkulima, na mikopo ya serikali kwa sehemu kubwa inaishia shahada ya kwanza. Lakini ndani ya kicheko kile kuna hoja ya pili, kwamba fasihi ya Kiingereza ni mambo ya Wazungu, haituhusu. Hapo ndipo napinga.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alishinda Nobel ya Fasihi. Semeni ukweli, wangapi kati yetu tulikuwa tumemsoma? Wengi tulianza kuulizana huyu jamaa ni nani. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapishwa Dar na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28! Na kitabu kinahusu nini? Kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni, anafuatana na msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara.

Sasa wewe wa Igalula, misafara hiyo si unaijua? Njia kuu ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, Tabora ya leo. Tura na Kigwa, ambako una shangazi na wajomba, yameandikwa kwenye vitabu vya safari vya Burton na Stanley karne ya 19. Pembe za ndovu zilipita, watumwa walipita, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu.

Ukisoma Paradise, safari unaiona kwa macho ya kijana wa pwani. Mpagazi yumo, anabeba, anachoka, lakini hadithi siyo yake. Wakati huo historia inaonyesha kwamba kwa Wanyamwezi wengi upagazi ulikuwa kazi ya ujira, na kijana aliyefika pwani akarudi alijivunia. Je, riwaya ingesomekaje tukianza na huyo mpagazi? Hilo ndilo swali la uhakiki, na hiyo ndiyo kazi ya uzamili. Mtu wa London anaweza kuliuliza, lakini mtu aliyekua akisikia Kinyamwezi na hadithi za wazee ana pa kuanzia ambapo wengine hawana.

Tatizo ni jinsi tunavyoandaliwa. Shule ya msingi ya serikali unasoma kwa Kiswahili, sekondari unahamishiwa Kiingereza. Things Fall Apart tunaisoma kwa notsi za kunakili: dhamira tano, wahusika watatu, kariri, andika, sahau. Halafu unafika uzamili unaambiwa leta hoja yako mwenyewe, uitetee kwa maandishi. Utaitoa wapi wakati miaka yote uliadhibiwa kwa kutokukariri?

Tatizo la pili ni ukuta tuliojenga wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam fasihi ya Kiingereza inafundishwa upande wake, na Kiswahili kina taasisi yake, TATAKI. Wahakiki wameshaonyesha kwamba Paradise inahusiana na masimulizi ya safari ya Selemani bin Mwenye Chande, yaliyochapishwa kwa Kiswahili na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Tippu Tip naye, aliyekuwa na makazi Tabora, aliacha maisha yake kwa Kiswahili. Anayesoma Gurnah bila Kiswahili hicho amesoma nusu. Anayesoma Tippu Tip tu bila Gurnah, naye vile vile.

Mjadala wenyewe si mpya. Mwaka 1968, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai idara ya Kiingereza ifutwe, Afrika iwekwe katikati na fasihi nyingine zifuate. Hawakusema Shakespeare achomwe moto. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na swali lao bado liko mezani.

Na Gurnah mwenyewe? Uzamivu wake, Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, ulihusu vigezo vya kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi. Alikuwa mhakiki kabla hatujamjua kama mwandishi.

Kwa hiyo nawaambia wazi. Kama unataka digrii ya kupata ajira haraka, hii siyo. Kazi zipo, kufundisha, kuhariri, kutafsiri, lakini ni chache na zinagombaniwa. Usiuze ng'ombe wa mzee kabla hujapata ufadhili au kazi ya ualimu ya kujishikiza. Ila ukienda, usiende kuandika tasnifu ya mia moja juu ya mada zilizochoka. Beba njia ya msafara uende nayo. Rekodi wazee kabla hawajaondoka, maana wakiondoka hakuna maktaba ya kuwarudisha.

Babu zetu walibeba mizigo ya watu, wengine wakaandika habari zao. Tukiendelea kucheka kijiweni, wataendelea kutuandikia.

Haya wadau, mnasemaje? Hasa nyie mliosoma HKL, uwanja ni wenu.