Nyanya zetu wahamiaji wasisahauliwe

Historia ya nchi hii inayosomeshwa madarasani aghalabu ni historia ya magavana, wapigania uhuru na wanasiasa. Wanawake waliofungasha virago, wakabeba watoto mgongoni na kwenda kuanza maisha mapya katika Bonde la Ufa hawatajwi. Mmoja wao ni marehemu nyanya yangu wa Kabazi, katika eneo la Subukia, Nakuru. Namkumbuka leo si kwa kuwa ni wa damu yangu tu, bali kwa kuwa maisha yake yana funzo kwa walimu na wanafunzi.

Alizaliwa Murang'a, ambako wamisionari wa Consolata walifungua kituo chao cha kwanza, Tuthu, mwaka 1902. Huko alibatizwa, akafundishwa sala kwa Kikuyu na kuitika Misa kwa Kilatini asichokielewa. Baada ya uhuru, mashamba ya nyanda za juu yalianza kuuzwa. Hii ndiyo ardhi waliyotengewa walowezi wa Kizungu baada ya Wamaasai kuhamishwa kwa mkataba wa 1904. Nyanya na mumewe wakanunua hisa katika kampuni ya ununuzi wa mashamba, wakahamia Kabazi.

Kuna sadfa moja ya tarehe ambayo wanaisimu tungepaswa kuitafakari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, siku nane tu kabla ya Kenya kujitawala. Hati hiyo ilifungua mlango wa kutumia lugha za wenyeji katika Misa. Lakini mwenyeji wa Kabazi alikuwa nani? Waumini walikuwa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii na Waturkana. Lugha ya mmoja wao isingewatosha wote, na hivyo ikatumika ya Kiswahili. Nayo maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kuzipa uzito jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, Kiswahili hicho kilitoka kanisani kikaingia majumbani.

Kwa hiyo nyanya alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Cha sokoni kilichechemea: chai aliita "shai", na watoto wake walikuwa "watoto yangu". Lakini aliposhika tasbihi, viambishi vya upatanisho havikuteleza hata kimoja, na maneno kama rehema, neema na maombezi yalimtoka kana kwamba alizaliwa Lamu. Padri ni neno la Wareno, tasbihi ni la Waarabu, misa ni la Kilatini. Yeye aliyatumia yote bila kumuuliza yeyote kwao ni wapi.

Wanadamu, kwa bahati mbaya, huulizana. Ghasia za 1992 na zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimfanya mtu aliyelima shamba lake kwa miongo mingi aitwe mgeni, au "doa" miongoni mwa "madoadoa" ya kuondolewa. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Dayosisi ya Nakuru tangu 1971 hadi 1996, alipaza sauti kuwatetea waliofukuzwa. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka neno "madoadoa" katika orodha ya maneno ya chuki. Nyanya hakuhitaji tume. Kila alipoulizwa kwao ni wapi, alionyesha kaburi la mumewe nyuma ya nyumba.

Sidai kwamba sala zilizuia moto. Wapo waliosali pamoja Jumapili kisha wakachomeana nyumba katikati ya juma. Ninachosema ni kwamba jumuiya iliyozoea kukutana nyumba kwa nyumba, ikisikilizana kwa lugha moja, ilibaki na mahali pa kuanzia tena. Baada ya ghasia, nyanya na majirani zake wa makabila mengine walirudi kuandamana kwa miguu hadi madhabahu ya Bikira Maria ya Subukia, kila mmoja akijua kilichompata mwenziwe.

Walimu wenzangu, Kiswahili kimekuwa somo la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, nayo Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi. Tumewafundisha vijana kusahihisha makosa ya nyanya zao, hatujawafundisha kuwasikiliza. Wapeni wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja aandike maisha ya mzee mmoja mhamiaji wa kijijini mwao, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na "shai" yake. Waulize alitoka wapi, alisali kwa lugha gani, jirani yake wa kwanza alikuwa nani. Hasa jina la huyo jirani liandikwe. Mtoto wa Subukia atakayegundua kwamba nyanya yake alipokewa na kabila ambalo leo anafunzwa kulichukia atakuwa amesoma somo lisilo katika kitabu chochote.

Kazi hii haingoji bajeti wala mtaala mpya, lakini haiwezi kungoja miaka. Waliohamia baada ya uhuru wanazikwa kila wiki.