Homa Hupita, Maumivu Hubaki

Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliingia Lamu, na vipimo vya damu vikaonyesha baadaye kwamba takriban watu 3 katika kila 4 kisiwani waliambukizwa. Mwaka 2005 ikavuka hadi Ngazija. Jina lake ni la Kimakonde, nalo lamtaja mtu aliyepindika kwa maumivu.

Homa hiyo huchukua siku chache. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa maumivu ya viungo hudumu miezi, hata miaka. Hapo ndipo mvuvi asiyeweza kuvuta wavu, au mama ashindwaye kukuna nazi, huitwa mvivu kwa kuwa mwili wake hauna joto. Huko ni kumwonea mgonjwa.

Katika orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, maumivu yazidiyo miezi 3 yamepewa fungu lake. Hatuna budi nasi kuyatambua. Dawa za kutuliza maumivu kwa ushauri wa daktari, mazoezi mepesi ya kila siku na kazi ya kiasi humsaidia mgonjwa. Kulala kutwa hukaza viungo.

Twawaomba wakuu wa afya wahakikishe kwamba kila zahanati ya visiwani ina daftari la wagonjwa hawa, na kwamba mtaalamu wa mazoezi ya viungo huwafuata huko huko waliko. Kuhesabu wenye homa na kuwasahau wenye maumivu ni kufunga daftari kabla hesabu haijaisha.