Maradhi si Utovu wa Nidhamu

Mwalimu hodari anapokesha siku nne mfululizo, akasema bila kituo na kutapanya mshahara wake wote, majirani hunong'ona kwamba amerogwa. Miezi michache baadaye anaposhindwa hata kuinuka kitandani, mkuu wake humwandikia barua ya utoro. Wote wamekosea. Hayo ni maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nayo yana tiba.

Tiba hiyo ina historia ambayo haina budi kutuzindua. Mwaka 1948 Daktari John Cade wa Australia alimpa mgonjwa wake wa kwanza chumvi iitwayo lithiamu. Mgonjwa huyo, aliyekuwa amelazwa kwa miaka, alipata nafuu, akatoka hospitali na kurudi kazini. Alipojiona mzima aliacha dawa, na maradhi yakamrudia. Akaanzishiwa tena, na mwaka 1950 akafa kwa sumu ya lithiamu iliyozidi mwilini. Siku hizo haikuwa desturi kupima kiasi cha dawa hiyo katika damu.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, kupata nafuu si kupona. Mgonjwa asiache dawa ghafla kwa kushauriwa na jamaa au mganga. Pili, lithiamu haimezwi kwa kubahatisha. Damu, figo na tezi ya shingo hupimwa kila baada ya muda. Mgonjwa akitapika, akiharisha, akitetemeka sana au akiyumba, apelekwe hospitali mara moja. Hata dawa ya maumivu kama ibuprofen yaweza kuizidisha lithiamu mwilini. Na dawa za kuondoa huzuni, zikitumiwa peke yake, zaweza kumtoa mgonjwa katika huzuni na kumtupa katika kichaa.

Lakini vipimo havifanyiki ofisini wala darasani. Mtumishi aliyevunjika mguu hupewa ruhusa bila maswali. Huyu huulizwa kwa nini kila mara yuko kliniki. Mkuu anayemnyima siku hiyo moja humlazimisha kuchagua kati ya kazi na uhai wake.

Tunawataka wakuu wa shule na idara wabadilike. Kabla ya kuandika barua ya onyo, na waulize kwanza: ndugu yetu huyu ni mkaidi, au ni mgonjwa?