Bastola na Taa ya Breki

Wapo wanaowatetea polisi wa Marekani kwa hoja moja kuu: kwamba tusimhukumu askari aliyelazimika kukata shauri katika nukta moja ya hatari. Hoja hiyo inakwepa swali la kwanza. Ni nani aliyeipeleka bastola kwenye taa ya breki iliyoungua?

Maana ndiyo sababu aliyopewa Walter Scott aliposimamishwa North Charleston, South Carolina, mwezi Aprili, 2015. Alikimbia, hana silaha yo yote, akapigwa risasi mgongoni na kufa. Askari yule alifungwa miaka 20. Mpita njia alikuwa amelinasa tukio kwa simu. Kama si yeye, sijui tungeambiwa nini.

Mwezi Mei, 2025, Mahakama ya Juu ilikataa mtindo wa kuitazama nukta ile peke yake, katika shauri la kijana Barnes, aliyeuawa karibu na Houston mwaka 2016 baada ya kusimamishwa kwa deni la ushuru wa barabara. Vema. Lakini ni Mahakama hiyo hiyo iliyoamua mwaka 1996 kwamba kosa lo lote la barabarani latosha kusimamisha gari, hata kama askari ana nia nyingine moyoni. Ruhusa hiyo ingalipo.

Tangu 2022 mji wa Philadelphia umewazuia askari wake kusimamisha gari kwa makosa manane madogo peke yake, taa moja ya breki ikiwamo. Mwenye gari aweza kupelekewa faini kwa posta. Wanaolia kwamba sheria itadharauliwa watueleze bastola ina kazi gani hapo.