Siku 12 za konje

Kila mwaka watu wa dunia nzima wanaenda Ufaransa kuangalia majumba ya wafalme wa zamani. Chambord, karibu na mto Loire, mfalme François wa kwanza alianza kuijengesha mwaka 1519, na mwenyewe hakulala mule hata miezi mitatu yote pamoja. Wengine wanapanda peniche, ile mashua ndefu ya chuma, wanatembea polepole ndani ya mifereji, wanakula na kulala humo humo. Mtu wa mine akisikia vile, anasema: hiyo ni mambo ya wenye feza. Siye tunasema hapana.

Peniche haikutengenezwa juu ya matembezi. Sheria ya mwaka 1879 iliweka kipimo kimoja kwa milango ya maji inayopandisha na kushusha mashua: meta 39 urefu. Peniche ya meta 38 na nusu ilipita pale na karibu tani 300. Kule kaskazini mingi zilibeba makaa ya mawe, jasho ya wachimbaji kama siye, na familia ya mwenye mashua ilibanana nyuma ndani ya kachumba kadogo. Leo pahali pa makaa kuko vitanda vya watalii.

Na majumba? Mwezi wa sita 1936, nyuma ya mgomo mukubwa, bunge ya Ufaransa ilipitisha sheria: mfanyakazi akimaliza mwaka, anapumzika siku 15, ndani yake siku 12 za kazi, na analipwa. Mwaka 1937 sendika ya watu wa chuma wa Paris ilinunua majumba mawili, Baillet na Vouzeron, juu memba wapate pa kupumzikia. Nyuma ya vita, wachimba makaa wa kaskazini nao walipata jumba la Agecroft, kusini, kando ya bahari. Mtu alienda na bibi na watoto kupumua hewa safi. Kwa mapafu yenye vumbi, hiyo haiko anasa.

Hapa kwetu, sheria ya kazi ya 2002 inasema angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima. Hesabu: ni 12. Kile kile cha Ufaransa ya 1936, na wao leo wako na wiki tano! Hata hizo 12, wengi hawazioni. Kompani ya kukodisha watu inakata mkataba mbele ya mwaka kutimia, inaandika mwingine, hesabu inarudi zero. Wengine wanaambiwa: chukua feza, bakia kazini. Wanakubali, juu masomo ya watoto inangoja.

Wandugu, angalieni karatasi za mshahara, muhesabu siku zenu. Mama, uliza bwana konje yake iko wapi. Leteni kwa mjumbe wenu mikataba yote, iliyokatwa na mipya, mbele ya mwisho wa mwezi. Tutaiweka mezani pamoja na mambo ya mshahara.