Kazi ya Mkutubi si Kulinda Vitabu

Yako maneno yanayozungushwa sana vijijini mwetu, nayo hunenwa na watu wazima wenye akili zao, ya kuwa kijana aliyesomea ukutubi amepoteza miaka yake na karo ya baba yake. Husema, "Wilaya nzima ina maktaba moja, au haina hata moja, mtoto huyu atalinda vitabu gani?" Wengine huongeza kwamba kulinda vitabu ni kazi ya mzee asiyeweza tena kushika jembe. Na vijana wakisikia hayo huona haya, wakakimbilia elimu yenye jina kubwa zaidi, hata kama hawana moyo nayo.

Mimi nasema maneno hayo si ya kweli, tena yanatudhuru. Hayamdhuru mkutubi peke yake. Yamdhuru mjane anayetafuta hati ya shamba la marehemu mumewe, yamdhuru mgonjwa ambaye kadi yake haionekani, yamdhuru mkulima aliyepeleka kahawa chamani asione jina lake katika orodha ya malipo. Watu hawa hawakukosa vitabu vya kusoma. Wamekosa mtu aliyefundishwa kupanga maandishi hata yapatikane siku yanapohitajiwa. Elimu hiyo ndiyo ukutubi, wala haikuzaliwa ili ifungiwe katika nyumba ya vitabu.

Tutazame kwanza jina lenyewe. Kitabu, maktaba, mkutubi, katibu: maneno haya manne yatoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuandika. Katibu wa chama cha ushirika na mkutubi ni ndugu wa tumbo moja. Mbona basi twampisha huyu kitini, na yule twamcheka?

Tena tuulize, mkutubi hufundishwa nini? Mtu adhaniye kwamba hufundishwa kupangusa vumbi na kunyamazisha watoto hajui anenalo. Hufundishwa kuainisha, yaani kuweka kila kitu pamoja na mwenziwe kwa kanuni moja inayojulikana na wote, wala si kwa apendavyo mtu wa zamu. Hufundishwa kuorodhesha, yaani kuandika habari za kila kitu kwa namna moja, hata asiyekiona aweze kukijua. Hufundishwa kuelekeza, ili mtu akitafuta kwa jina hili akute neno "tazama" limpeleke penye jina lile. Na mwisho hufundishwa kumsikiliza mwulizaji, maana mara nyingi mtu huuliza neno moja na haja yake ni neno jingine.

Haya si mambo ya vitabu tu. Chukua zahanati yo yote. Mama mmoja alibatizwa Elizabeti. Mume wake ni Yohana, na mtoto wake wa kwanza ni Neema. Leo aja zahanati, aandikwa Elizabeti Yohana. Mwaka ujao muuguzi mwingine amwandika Mama Neema. Mara ya tatu kijana aliyetoka mjini amwandika Elizabeth John. Mwili ni mmoja, kadi ni tatu. Ikiwa kadi ya kwanza ilisema kwamba dawa fulani humvimbisha uso na kumziba pumzi, nani atalisoma onyo hilo akishika kadi ya tatu? Muuguzi hakukosa huruma, wala dawa haikukosa ubora. Lililokosekana ni kanuni ambayo mkutubi hujifunza mapema: chagua jina moja liwe mama, na majina mengine yote yaandikwe yakielekeza kwake. Hufanya hivyo kwa waandishi wa vitabu wenye majina mengi. Je, Mama Neema hastahili heshima apewayo mwandishi wa kitabu?

Labda mtu atasema, "Hayo ni maneno matamu ya mwalimu, nani aliyeyatenda?" Nitamjibu kwa mambo yaliyotendeka.

Mwaka 1876, huko Marekani, Melvil Dewey alipiga chapa mpango wake wa kugawa elimu zote katika mafungu 10, na kila fungu katika mengine 10. Kampuni aliyoianzisha, iitwayo Library Bureau, iliuza kadi na makabati kwa maktaba. Haukupita muda mrefu ila mabenki na kampuni za bima zikaja kununua vilevile. Kwa nini? Kwa sababu katika daftari lililoshonwa jina jipya haliwezi kuingia mahali pake; huandikwa mwisho, na baada ya miaka kumi hakuna alijuaye lilipo. Bali kadi huchomekwa kati ya wenzake siku iyo hiyo. Wenye fedha waliona kwamba hila ya maktaba ni hila ya benki pia.

Mwaka 1904 John Cotton Dana, mkuu wa maktaba ya mji wa Newark, alifungua tawi kwa ajili ya wafanya biashara. Mwaka 1909 wakutubi waliokuwa wakifanya kazi katika afisi na nyumba za biashara waliunda chama chao, na Dana akawa rais wake wa kwanza. Watu hao hawakungoja biashara ije maktabani. Waliipeleka maktaba kwenye biashara.

Tuje kwa waganga. Daktari wa jeshi John Shaw Billings, aliyesimamia maktaba ya madaktari wa jeshi mjini Washington, alianza mwaka 1879 kutoa kila mwezi orodha ya maandishi ya uganga kwa mafungu, iitwayo Index Medicus. Daktari wa Mwanza au wa Kisumu atafutaye leo habari za ugonjwa katika orodha ya PubMed ala matunda ya mti uliopandwa na orodha ile.

Na simu hizi mlizo nazo mikononi? Eugene Garfield alisomea kemia, kisha ukutubi, katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1955 alitoa shauri kwamba maandishi ya wataalamu yaorodheshwe kwa kufuata nani amtaja nani. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page walipoeleza mashine yao ya kutafutia, Google, walipita njia ya namna hiyo: ukurasa utajwao na kurasa nyingi, hasa zilizo na uzito, hutangulizwa mbele. Basi kijana amchekaye mkutubi huku akitafuta habari kwa simu yake, amcheka mtu aliyemchongea njia.

Lakini tusikae ng'ambo, maana jambo hili lipo mlangoni petu. Tanzania Bara ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo mwanakijiji aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na kijiji hupaswa kuweka masjala na daftari la ardhi yake. Sheria ni njema. Walakini daftari la ardhi ni nini? Ni orodha, kama orodha ya maktaba: shamba hili, mwenyewe huyu, mipaka hii, tarehe hii. Likiandikwa bila kanuni, au likitunzwa chini ya paa linalovuja, haki ya mjane imevuja nalo. Shemeji atasimama barazani na kusema, "Lete karatasi." Karatasi ipo, lakini ipo katika bunda lisilo na namba, ndani ya sanduku lisilo na orodha. Kwa mtu yule, karatasi isiyopatikana na karatasi isiyokuwapo ni kitu kimoja. Wazee wetu walilisema mapema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali yenyewe imelitambua jambo hili. Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 inahusu utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka za umma. Huko Bagamoyo kipo chuo kifundishacho ukutubi pamoja na uhifadhi wa nyaraka, na huko Makerere ukutubi umefundishwa kwa ajili ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1963. Walimu wa vyuo hivyo wajua kwamba maktaba na masjala ni vyumba viwili vya nyumba moja. Ila sisi tuajirio watu katika vyama, hospitali, shule na makanisa bado twasema, "Ajuaye kusoma na kuandika atosha." Hasha! Kila mtu ajua kushika msumeno, lakini si kila mtu ni seremala.

Wako wasemao, "Kompyuta imekuja, mambo ya kupanga yamekwisha." Neno hili lavuma sana, na ndilo la hatari kuliko yote. Kompyuta hutafuta lile lililoandikwa. Ukimwandika mtu mmoja kwa majina matatu, itakupa watu watatu, tena kwa haraka na bila kuona haya. Fujo ya karatasi hujaza chumba, nayo huonekana. Fujo ya kompyuta haina harufu wala vumbi, hugunduliwa siku ya mashaka. Chombo kikiwa na nguvu zaidi ndivyo kinavyohitaji nahodha mwenye elimu zaidi.

Wengine husema, "Zahanati haina fedha za dawa, itatoa wapi mshahara wa mkutubi?" Hili ni neno la haki. Wala sisemi kila zahanati iajiri mkutubi wake. Nasema mkutubi mmoja aweza kuzungukia zahanati na vyama vya kata nzima, akawafundisha makarani kanuni moja. Kisanduku cha mbao alichochonga fundi wa kijijini, kadi za karatasi ngumu, na daftari moja la kuonyesha kitu gani kipo wapi, havishindi gharama ya kesi moja ya shamba.

Lawama nyingine ni ya wakutubi wenyewe. Wapo waliokaa miaka mingi wakingoja serikali iwajengee maktaba, kana kwamba elimu yao hukaa katika matofali. Ndugu zangu, nendeni chamani mkawaulize wanatunzaje hati za wakulima. Nendeni parokiani mkalitazame daftari la ubatizo, ambalo kwa watu wengi ndilo shahidi wa kwanza wa umri wao na wazazi wao, mwone kama limewekewa orodha ya majina. Fundi asiyeonyesha kazi yake asilalamike kwamba hatambuliwi.

Tena wachukue pamoja nao adabu ya kazi yao. Mkutubi mwema hasimulii mtu fulani alisoma kitabu gani. Adabu hiyo yahitajiwa zaidi penye kadi za wagonjwa na madeni ya wanachama. Kupanga bila kutunza siri ni kumwekea mwizi taa.

Basi nataka mambo matatu, wala si makubwa. Wazazi, mtoto aliyechagua ukutubi msimvunje moyo, mwulizeni tu, "Utawasaidiaje watu nje ya maktaba?" na mngoje jibu lake. Viongozi wa vyama, zahanati na halmashauri za vijiji, mtakapotafuta karani, ulizeni kama amefundishwa kupanga na kuorodhesha, wala msitazame mwandiko mzuri peke yake. Na sisi walimu tuwafundishe watoto kutumia orodha na faharasa tangu darasa la chini, ili wakue wakijua kwamba kupata kitu si bahati, ni utaratibu.

Kijiji kisicho na maktaba chaweza kuishi, ingawa kwa upungufu. Kijiji kisichoweza kuonyesha shamba ni la nani, nani alizaliwa lini, na nani amdai nani, kimejengwa juu ya kumbukumbu za wazee, nao wazee hufa. Aonaye kwamba nimekosea na aandike jibu lake. Lakini kabla hajaandika, aende kwanza afisini kwake aitafute karatasi moja ya miaka mitano iliyopita, na ahesabu saa zitakazopita kabla hajaiona.