Ngozi Haikazwi kwa Ahadi

Miongoni mwa biashara zinazostawi katika jiji la Dar es Salaam ni ile ya kukaza ngozi pasipo kisu. Zamani habari za kuondoa mikunjo ya uso zilikuwa za wapasuaji wa Ulaya na Marekani. Leo matangazo yanamfikia mwalimu wa Mtoni na karani wa Temeke katika simu ya mkononi, yakimwonyesha picha mbili: uso uliolegea na uso uliokazwa. Kisichoelezwa ni kwa nini watu wawili waliolipa fedha sawasawa kwa mashine ile ile, mmoja hurudi amefurahi na mwingine akiuliza fedha zake zimekwenda wapi. Kwa kuwa mshahara wa mtumishi haupatikani kwa mchezo, yafaa jambo hili lielezwe waziwazi.

Uimara wa ngozi hautoki juu inapopakwa mafuta. Unatoka katika tabaka la ndani, lenye nyuzi nyembamba za protini iitwayo kolajeni, pamoja na nyuzi nyingine zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi. Mtu akishapita ujana, kolajeni hupungua kidogo kidogo. Wataalamu hukadiria asilimia 1 hivi kila mwaka. Chini ya ngozi nako mafuta ya mashavu hupungua na mifupa ya uso husinyaa. Ndipo ngozi inapolegea.

Mashine za kukaza ngozi, kwa majina yake mengi, hufuata kanuni moja: kuujeruhi mwili kidogo, kwa kipimo, ili ujitengeneze upya. Nyingine hutumia mawimbi ya redio, nyingine mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Yale ya sauti hukusanywa mahali padogo ndani ya nyama, joto likapanda hadi nyuzi 60 au 70, huku juu ya ngozi pakibaki salama. Kolajeni iliyopata joto hilo hujikunja kama kipande cha nyama kilichoguswa na moto. Kisha mwili, ukidhani umeumia, huanza kutengeneza kolajeni mpya. Kazi hiyo huchukua miezi 3 hadi 6, wala haimalizwi kwa siku moja kama matangazo yanavyodokeza.

Basi mashine haiongezi kitu chochote katika ngozi. Mashine ni nyapara tu; mfanyakazi ni mwili wenyewe. Nyapara hata akiwa hodari namna gani, hawezi kupata mavuno makubwa kwa kibarua aliyechoka. Hapa ndipo tofauti ya matokeo inapoanzia. Mwenye miaka 40 ambaye ngozi yake imelegea kidogo anaweza kuona badiliko la kiasi. Mwenye miaka 65, au aliyepungua uzito ghafla, au mvutaji sigara wa miaka mingi, huenda asione lolote. Mkono wa mtendaji nao una neno: joto likiwa dogo mno halifanyi kazi, likizidi linaunguza. Hata Marekani idhini za kwanza zilikuwa za mambo madogo: mwaka 2002 mashine ya mawimbi ya redio iliruhusiwa kwa mikunjo ya kandokando ya macho, na mwaka 2009 ile ya mawimbi ya sauti kwa kuinua nyusi. Hakuna aliyeruhusiwa kuahidi uso mpya.

Kwa ngozi nyeusi kuna la kuongeza. Rangi yetu ni mwavuli wa asili dhidi ya jua, na ndiyo sababu mikunjo hutufikia kwa kuchelewa kuliko Wazungu. Lakini mashine zinazotumia mwanga, kama leza, huvutwa na rangi hiyo hiyo, na zikipangwa kwa kipimo cha ngozi nyeupe zaweza kuacha madoa na majeraha. Mawimbi ya redio na ya sauti hayajali rangi sana, ila kuungua hakuchagui mtu, na ngozi yetu ni nyepesi kuota makovu yaliyovimba.

Hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi na wakazi wa Mtoni haimo katika mashine hizo za ghali. Imo katika mkorogo. Mchanganyiko huo wa krimu na sabuni za kujichubua mara nyingi huwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi ikipakwa muda mrefu huizuia ngozi kutengeneza kolajeni, ikawa nyembamba kama karatasi, mishipa ikaonekana na kidonda kikakawia kupona. Haidrokwinoni yaweza hatimaye kuleta weusi wa buluu usiotoka. Zebaki huharibu figo. Kwa maneno mengine, kopo linunuliwalo kwa bei ndogo linakula akiba ile ile ambayo kesho mtu atatakiwa kulipa fedha nyingi ili irudishwe, wala isirudi. Ngozi iliyochubuliwa ni shamba lililokwisha rutuba.

Nchi yetu haikuanza jana kulipigania jambo hili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 krimu za kujichubua zikapigwa vita pamoja na sketi fupi na nywele za bandia. Nia ilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika, lakini krimu hazikwisha, kwa sababu msichana alikemewa pasipo kuelezwa dawa hiyo inamfanya nini. Amri bila elimu hukesha usiku mmoja tu.

Leo vyombo vya kusimamia vipo. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na vifaa tiba chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ujuzi nao upo: huko Moshi, tangu mwaka 1992, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hapana budi ukaguzi ufike Mtongani na Mbagala, si maduka ya katikati ya jiji peke yake. Kila anayekaza ngozi za watu alazimike kubandika ukutani cheti chake na kibali cha mashine yake.

Mwananchi naye aulize kabla ya kulipa: mtendaji amesomea wapi? Mashine hii imewahi kutumiwa kwa ngozi kama yangu? Nisipoona badiliko baada ya miezi 6 itakuwaje? Asiyejibu maswali hayo hastahili kupewa uso wa mtu. Walimu, kwa upande wao, wawaeleze vijana darasani kwamba kofia, kivuli na kuacha sigara na mkorogo ni kinga isiyohitaji mashine. Uso ni mali ya mwenyewe, lakini akidanganywa akaharibika, hasara yake huishia katika hospitali zetu sote.